Ukifika Fort Jesus, Uliza Habari za 1895

Naitiri, Tongaren

Kwa mjukuu wangu Wafula,

Huku tu wazima, mahindi yameanza kutoa mbelewele.

Nimesikia chuo chenu kinawapeleka Fort Jesus, Mombasa. Nenda, lakini usiende kupiga picha na mizinga tu. Mtembezaji atakueleza kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na kwamba Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi ilipoanguka 1698, huku maradhi yakiwamaliza waliokuwemo. Msikilize, ndiyo kazi yake. Kisha mwulize habari za 1895. Mwaka huo Waingereza waliigeuza jela, ikabaki jela hadi 1958. Akuonyeshe walikolala wafungwa.

Nakusumbua na mwaka huo kwa sababu ndio huohuo wazee wetu Wabukusu walikuwa ndani ya ngome nyingine. Hobley, ofisa Mwingereza aliyetawala kutoka Kwa Mumia, alikuja na askari wa Kisudani, Waganda, Wamaasai na watu wa Nabongo Mumia mwenyewe, mfalme wa Wawanga. Ugomvi ulikuwa juu ya bunduki ambazo Wabukusu walikataa kuzitoa. Akaivunja ngome yetu ya Lumboka, kisha akapanda mlima hadi Chetambe, ngome ya Watachoni walimokimbilia wetu. Lukoba, kama tuziitavyo ngome hizo, ni ukuta wa udongo wenye handaki nje: mkuki unazuiwa, mshale unazuiwa, rashasha haizuiwi. Vijana wakibishana Chetambe ni ya nani, wewe nyamaza. Waliofia pale ni Watachoni na Wabukusu.

Miaka ya 1940 Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, aliwakusanya wafuasi wake palepale Chetambe kuwakumbuka waliouawa. Serikali ya mkoloni haikuufurahia mkutano ule hata kidogo, maana ilijua watu wanakumbuka nini.

Fort Jesus iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, na ilistahili. Silalamikii mawe ya matumbawe kutunzwa. Nalalamikia mtoto wa Bungoma kuijua ngome ya Mreno chumba kwa chumba, na ile iliyo juu ya Webuye akawa anaipita kwenye matatu bila kuinua kichwa.

Desemba ukija likizo, tutapanda Chetambe asubuhi kabla jua halijawa kali. Njoo na daftari, maana wazee wa kuulizwa wamebaki wachache. Nauli nitalipa mimi.

Babu yako