Samaki Hakujichora

Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda Kibiti kukagua mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wetu. Katika darasa la sita, mwanachuo mmoja alikuwa ameweka ndani ya chupa furu dume aliyevuliwa kidimbwi cha maji baridi, juu ya delta ya Rufiji. Kwenye pezi la nyuma, chini ya tumbo, palikuwa na madoa ya manjano mfano wa mayai.

Mwanachuo alipokwama, tulisimama kumsaidia. Tulisema, "Samaki huyu amejichora mayai ili amdanganye jike." Mtoto mmoja, mwana wa mvuvi, akauliza, "Mwalimu, pezi liko nyuma naye hajioni. Alijuaje pa kuchora?" Darasa likacheka. Nasi, kwa kulinda heshima yetu, tukamwambia aketi. Hakunyosha tena mkono siku ile.

Usiku tulikiri nafsini mwetu kwamba mtoto alilishika somo kuliko sisi. Furu jike hutaga mayai na kuyachukua mdomoni mara moja. Dume hutandaza pezi lake. Jike huyadonoa madoa kama anayekusanya mayai, hapo hapo akapokea mbegu za dume. Ndivyo Wolfgang Wickler alivyoeleza mwaka 1962. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, na wenzao walionyesha kwamba hapo kale kipande cha DNA chenye tabia ya kuhama kiliingia jirani na jeni iitwayo fhl2b, nayo ikapata kufanya kazi katika chembe za rangi za pezi. Samaki hakupanga lolote. Badiliko lilitokea, likarithiwa. Na waliopata watoto wengi zaidi ndio walioliacha duniani.

Kesho yake tulirudi, tukamwomba mtoto radhi mbele ya wenzake, kisha tukafundisha upya. Alinyosha mkono: "Je, wasio na madoa walikwisha?" Tukamjibu kwamba perege wa Rufiji nao hulea mayai mdomoni, na pezi lao halina madoa hayo.

Ndugu wanachuo, mfundishapo viumbe, lichungeni neno "ili". Badala ya kuuliza kiumbe alitaka nini, waulizeni watoto alirithi nini, na urithi huo ulimfaa vipi. Na mtoto akiwauliza swali linalowashinda, msimketishe.