MWANGA HUU HAUPIGI HODI!

Kama umekulia Kirumba, somo la kwanza la mwanga mbaya hukulipata darasani. Ulilipata barabarani, kwa mafundi wa kuchomelea magrili ya madirisha. Ulikodolea macho zile cheche ukiwa mtoto, usiku ukalala unalia, macho kama yametiwa mchanga. Mama akakuwekea kitambaa cha maji baridi, kesho kutwa ukawa mzima. Tangu siku hiyo ukajua: mwanga mbaya unauma, na ukiuma utafumba macho, mambo yataisha.

Sasa jamani, kuna mwanga mwingine umeingia mjini, na somo lile haliufai hata kidogo.

Nazungumzia leza. Siku hizi mashine zake za kuchora na kukata ziko hata kwenye vibanda vya uchochoroni. Unataka medali za ligi ya mtaa, kibao cha mlangoni au kishika funguo chenye jina la mpenzi wako? Unakwenda pale, kompyuta inaamrishwa, kimwale cha buluu kinatembea juu ya ubao, moshi kidogo, jina hilo! Ni raha kutazama. Na ubaya ndio huo, maana kila mtu anatazama.

Mdogo wangu wa tumbo moja alipata kibarua kwenye kibanda cha namna hiyo. Ni kipi, sisemi. Nilipokwenda kumsalimia nikakuta miwani ya kujikinga ni moja tu, iko usoni kwa bosi. Dogo kavaa miwani ya jua, ile ya kuuzia sura. Wateja wanne wameinamia mashine, mmoja kabeba mtoto mgongoni.

Nikauliza. Bosi akacheka: "Dada yangu, hii ni taa tu. Wati 10! Hata balbu ya chooni inaizidi."

Hesabu yake ni ya kweli, ila maana yake siyo. Balbu inamwaga mwanga chumba kizima, jicho linapata tone tu. Leza inaukusanya wote na kuupeleka njia moja, kwenye doa dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Halafu jicho nalo lina lenzi yake. Unakumbuka tulivyokuwa tukichoma karatasi kwa jua na kioo cha kukuzia? Lenzi ya jicho inafanya kazi hiyohiyo, na karatasi inayoungua ni retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Tena retina haisikii maumivu. Inaungua kimya. Unakuja kushtuka baadaye kwamba ukimtazama mtu, katikati ya uso wake kuna doa. Doa hilo linaweza kubaki maisha, na hakuna miwani wala dawa ya matone ya kuliondoa.

Tochi ya leza ya kuonyeshea ubaoni kwa kawaida haitakiwi kuzidi miliwati 5. Wati 10 ni miliwati 10,000, yaani mara 2,000! Wataalamu wamezipanga leza kwa madaraja, na kuanzia nusu wati kwenda juu ni daraja la 4, la mwisho kwa hatari. Kwenye leza dogo kabisa, kupepesa jicho, kazi ya robo sekunde, kunakuokoa. Kwenye daraja la 4 unapepesa jicho lililokwisha kuungua. Na si lazima uutazame mwale wenyewe. Ukigonga saa, pete au kioo cha simu ukakurudia, kazi imekwisha.

Msidhani wenye elimu yao wanajiamini kuliko bosi wetu. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman tarehe 16 Mei 1960, kule Malibu, California. Mwafrika mwenzetu, Ahmed Zewail wa Misri, alipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1999 kwa kuchunguza kemikali kwa miale hiyo. Kwenye maabara za kazi kama hizo, mlangoni kuna taa ya onyo. Ikiwaka, huingii kiholela. Mwale unafungiwa ndani ya boksi kila inapowezekana. Saa na pete zinavuliwa. Hakuna kuinama mpaka macho yakawa usawa wa mwale. Miwani anavaa kila aliyemo, hata mgeni aliyekuja kusalimia.

Na miwani yenyewe si rangi, ni namba. Leza nyingi hizi za buluu ni za nanometa 450 hivi. Namba hiyo lazima iwemo kwenye zile zilizoandikwa kwenye miwani, pamoja na herufi OD zinazoonyesha inazuia kiasi gani. Ile ya jua inafifiza mwanga wa kawaida tu. Mboni inapanuka, basi umemfungulia mwizi mlango na dirisha.

Tatizo letu ni kwamba leza tumeizoea kama mchezo. Tarehe 29 Machi 2022, kule Senegal, Mohamed Salah alipiga penalti huku uso wake umejaa mwanga wa kijani kutoka jukwaani. Akakosa, wengi wakacheka. FIFA haikucheka: Senegal ilipigwa faini ya faranga za Uswisi 175,000, miale hiyo ikiwa moja ya makosa.

Basi dogo akamwambia bosi: bila boksi la kufunika mashine na miwani ya pili, sikai. Jibu likawa fupi: "Vijana wa mjini wako wengi." Elfu kumi kwa siku zikakatika, na ndizo zilizokuwa zikinunua mkaa na dagaa nyumbani. Jioni ileile kiti kikapata mtu mwingine. Wapo ndugu waliosema tumejidai.

Mimi sijutii. Ila siwezi kumwambia yule kijana mpya aondoke, maana njaa yake naijua. Wa kusema ni wewe mteja, unayekuja na hela mkononi. Kabla hujalipia medali zako, uliza: mashine ina kifuniko? Miwani ya huyu anayeichezesha iko wapi, na namba zake zinasemaje? Wasipokuwa na jibu, ondoka na hela yako, na mwanao mwondoe hapo. Bosi asiyesikia maneno ya kibarua wake atazisikia noti zikitoka nje ya kibanda.