Farasi 109 na mlima wa Mai Mahiu

Leo tuweke programu kando kidogo, tuongee kuhusu injini. Kuna jambo nilichelewa kulielewa, nusura niuze gari langu kwa hasara.

Ni gari dogo la petroli, lita 1.5, lenye gia za mkono. Makaratasi yake ya Kijapani yanasema nguvu za farasi 109. Siku moja nilitoka Narok na mama, tumebeba magunia matatu ya viazi. Kupanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, gia ya tatu, gari likalegea kabisa. Pikapu kuukuu ya dizeli, iliyosheheni kutushinda, ikatupita. Mama akauliza, "Kwani hili limechoka?" Nikamlaani kimoyomoyo aliyeniuzia, maana pikapu za aina ile zina farasi kama 90 tu!

Nyumbani nikachukua kalamu. Torki ni nguvu ya kuzungusha: ning'iniza kilo 10 kwenye ncha ya spana ya mita 1, umepata kama Nm 98. Nguvu za farasi ni torki mara kasi ya injini. Zidisha Nm kwa mizunguko ya dakika moja, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati. Farasi mmoja wa Kijapani ni kama kilowati 0.735.

Basi pale mlimani injini yangu ilikuwa kwenye mizunguko 2,500, torki kama Nm 130. Hiyo ni farasi 46! Wale 109 wanapatikana kwenye mizunguko 6,000. Dizeli yenye Nm 190 kwenye mizunguko 2,400 ina farasi 65 papo hapo.

Wenzangu wa kompyuta mtakumbuka mwaka 2002: Athlon XP 2000+ ilikuwa na GHz 1.67 tu, lakini kwa kazi nyingi haikuachwa na Pentium 4 ya GHz 2. Ilifanya kazi zaidi kwa kila mzunguko. Torki ndiyo kazi ya kila mzunguko. Ukiwa nayo kidogo, zungusha zaidi.

Safari iliyofuata, mzigo ule ule, niliingia gia ya pili mapema. Injini ikalia kwenye mizunguko 4,200, Nm 141, yaani farasi kama 84. Tukapanda vizuri.

"Ulilipeleka kwa fundi?" mama akauliza.

"Hapana mama. Nilikuwa sijui kuliendesha."