Funguo Ziko Mfukoni mwa Nani?

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Presha ya mama yako imeshuka tangu abadilishiwe dawa, na mdogo wako amepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo bandarini. Mengine atakusimulia mwenyewe.

Ninakuandikia kwa sababu ya shamba la Muheza. Nimesikia, wala si kutoka kwako, kwamba umempata mnunuzi na kwamba fedha zote zinakwenda kwenye ule mfuko wa kripto uliotutangazia kwenye kikundi cha ukoo. Nimesikia pia kwamba wajomba zako wameshakutumia walichokuwa nacho. Ukoo mzima umeulizwa. Mimi niliyekagua hesabu za vyama vya akiba na mikopo vya mkoa huu mpaka nikastaafu, sikuulizwa. Kwenye harusi yako mlinikumbuka nikae na daftari la michango, lakini kwenye hili hamkunikumbuka. Nalitaja mara moja tu, kisha naliacha.

Ulituandikia kwamba huko hakuna meneja wa kutoroka na fedha, kwa kuwa meneja hayupo. Kuna mkataba erevu, yaani programu inayopokea na kulipa yenyewe, na msimbo wake unasomwa na yeyote duniani. Ukamalizia kwamba kila kitu kiko wazi na kimekaguliwa. Uwazi na ukaguzi ndiyo kazi iliyonilisha na kuwasomesha watoto wangu, kwa hiyo nivumilie nikiongea kirefu.

Kulikuwa na chama kimoja cha akiba na mikopo upande wa milimani, jina nalihifadhi. Kila mwisho wa mwezi mweka hazina alibandika hesabu kwenye ubao nje ya ofisi, na wanachama waliziringia kwa vyama jirani. Sefu ilikuwa na kufuli mbili kama kanuni zilivyotaka, ufunguo mmoja kwa mwenyekiti na mwingine kwa mweka hazina. Nilipofika nilisoma ubao, nikajumlisha, hesabu ikakubali hadi senti. Nikaomba sefu ifunguliwe. Mweka hazina akatia mkono mfukoni, akatoa pete moja yenye funguo zote mbili, akafungua kufuli zote mbele yangu bila hata kuona ubaya. Mwenyekiti alikuwa anakaa mbali. Msimu mmoja wa masika alimwachia ufunguo wake ili asipate taabu ya njia, na hakuudai tena. Ndani hamkuwa na fedha za kulingana na ubao. Kulikuwa na vikaratasi, vimeandikwa kwa mwandiko mzuri na tarehe zake, kila kimoja kikisema mweka hazina amekopa kiasi fulani na atarudisha. Nilivipanga mezani kimoja kimoja, mwenyekiti amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Nikaandika nilichokiona. Wakubwa zangu wakaniomba nilainishe lugha kwa sababu uchaguzi wa chama ulikuwa karibu. Sikulainisha, na mwaka uliofuata nikahamishiwa masjala, nikawa natafuta majalada ya watu niliowafundisha kazi. Baba yako alijua lilivyonigharimu. Ndiyo maana aliagiza mirathi yake nisimamie mimi, na Mahakama ya Mwanzo ikaniteua.

Dada yako alipokuja Idd nilimsimulia kisa hicho. Yeye kazi yake ni hizo programu, akaniambia, "Shangazi, hilo limetokea kwa mamilioni ya dola." Machi 2022 liliibiwa daraja la Ronin, ambalo wachezaji wa mchezo wa Axie Infinity walikuwa wakipitishia sarafu zao. Lilikuwa na wathibitishaji tisa, na sahihi tano zilitosha kutoa fedha. Ukisikia watu tisa, moyo unatulia. Lakini funguo nne zilikuwa kwa kampuni moja, Sky Mavis. Na mwishoni mwa 2021 kampuni hiyohiyo ilipewa ruhusa ya kusaini kwa niaba ya mthibitishaji wa tano, kwa sababu kazi zilikuwa zimewazidi. Msongamano ukaisha, ruhusa haikufutwa. Wezi walipoingia kwenye mitambo ya Sky Mavis wakazipata sahihi zote tano. Kwa miamala miwili zikaondoka sarafu 173,600 za etha na nyingine za dola milioni 25.5, jumla zaidi ya dola milioni 600 kwa bei ya siku zile. FBI ilisema ni kundi la wadukuzi la Korea Kaskazini. Miamala yote miwili ilikuwa wazi kwenye leja ya dunia nzima, mwanangu, na bado zikapita siku sita. Wenyewe walishtuka pale mteja mmoja alipojaribu kutoa fedha zake ikashindikana. Leja ilikuwa wazi, ila hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kuitazama.

Sasa nije kwenye mkataba wako. Mimi na dada yako tuliichukua ile anwani uliyoiweka kwenye kikundi, tukaiingiza kwenye tovuti ya Etherscan. Ina alama ya tiki ya kijani, maana yake msimbo unaosomeka hapo ndio uliowekwa kwenye anwani hiyo. Nilifurahi kwa ajili yako. Kisha dada yako akanionyesha kwamba anwani hiyo haifanyi kazi yenyewe. Inapokea maombi na kuyapeleka kwa mkataba mwingine ulio nyuma yake, na huo wa nyuma unaweza kubadilishwa na mwenye mamlaka. Tukamtafuta mwenye mamlaka. Ni pochi moja. Hata si ile ya sahihi nyingi, ni pochi ya kawaida ya mtu mmoja asiyejulikana jina. Wala hakuna muda wa kungoja kati ya kuamua mabadiliko na mabadiliko kuanza. Wenzao wa mradi wa Compound wameweka siku mbili, ili anayeshuku apate nafasi ya kutoa chake. Kwako hakuna hata dakika. Msimbo utakaousoma leo jioni si lazima uwe ndio utakaoshika thamani ya shamba la Muheza kesho asubuhi.

Ripoti ya ukaguzi nayo nimeisoma. Wewe umeisoma hadi mwisho? Toleo la msimbo lililotajwa kwenye upeo wa kazi si hili linalotumika sasa. Na ndani yake mkaguzi ameandika hoja kubwa kuhusu nguvu za huyo mwenye pochi moja. Majibu ya wenye mradi ni kwamba hoja imepokelewa. Basi. Hawakusema wamerekebisha. Mimi nimepokea majibu ya namna hiyo kutoka kwa mameneja wengi, na hoja iliyopokelewa tu sijapata kuifunga hata siku moja. Mkaguzi wao alifanya kazi yake kwa uaminifu. Ninyi ndio mliotumia jina lake bila kusoma alichoandika.

Tena hata ukaguzi mzuri una mipaka. Mradi wa kripto wa Euler Finance ulikaguliwa na kampuni zaidi ya moja, na Machi 2023 zikachotwa takriban dola milioni 197 kupitia kipengele kilichoongezwa baadaye. Aliyechukua alirejesha sehemu kubwa baada ya wiki chache, lakini usimpangie mama yako uzee wake kwa kutegemea huruma ya mwizi. Na ule mfuko wa mwaka 2016 ulioitwa The DAO, watu zaidi ya 11,000 waliweka fedha wakijua msimbo uko wazi. Mkataba ulikuwa unatoa fedha kwanza, ndipo upunguze salio kwenye leja. Mtu mmoja akaufanya urudie kumlipa kabla haujaandika, akarudia na kurudia, hadi zikaondoka etha milioni 3.6. Karani wa dirishani wa chama chochote nilichokagua angeshtuka: kwanza unaandika, kisha unatoa.

Kilichonitisha kuliko msimbo ni hiyo kamisheni unayolipwa kwa kila ndugu unayemleta. Hapo kasoro haihitajiki, mkataba ukifanya kazi yake barabara ndipo watu wanaumia. Forsage ilianza 2020, ikajitangaza hivyohivyo kwamba mapato yote yanakwenda kwa wanachama kwa uwazi, bila hatari. Mkataba wake ulichukua cha waliochelewa ukawalipa waliotangulia. Mwaka 2022 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ikawafungulia kesi watu 11, na mwaka uliofuata waendesha mashtaka wa nchi hiyo wakaeleza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya walioweka walipata etha pungufu kuliko walizotoa. Sisi tuliokuwepo upatu wa DECI ulipopigwa marufuku hapa kwetu 2009 hatuhitaji kuelezwa sana. Wajomba zako ni waliochelewa, na wewe ndiye uliyewaleta.

Usikope kazini kwa ajili ya hili. Maneno ya siri ya pochi yako usiyapige picha wala usimtumie mtu. Habari ya riba kamuulize shekhe wako, mimi siyo msemaji wake. Usiwaambie watu kwamba serikali imeruhusu kwa sababu TRA wanakata kodi ya asilimia 3 kwenye miamala ya kripto. Kutozwa kodi si kupewa leseni, na tahadhari ya Benki Kuu dhidi ya kripto ya mwaka 2019 ilipotoka ulikuwa umeshaajiriwa. Mkeo mweleze yote, asije akasikia kwa watu kama nilivyosikia mimi.

Sikukatazi kripto. Mshahara wako ni jasho lako, na ukitaka kujifunza kwa fedha usiyoililia, jifunze, dada yako yuko tayari kukaa na wewe. Ninachokataa ni fedha ya mtu mwingine kuwekwa mahali ambapo wewe mwenyewe hujui funguo ziko mfukoni mwa nani.

Kwa hiyo nakuomba haya. Toa fedha za wajomba zako wiki hii, zote, wakati mfuko bado unalipa, uwarudishie. Zikikataa kutoka, nipigie siku hiyohiyo, usione haya. Kama wenye mradi wana jibu, waombe walitoe kwa maandishi: nani ana pochi ile, lini wataiweka chini ya sahihi za watu zaidi ya mmoja wasio chini ya bosi mmoja, na iko wapi ripoti ya toleo linalotumika leo. Wakijibu, niletee, nitasoma kila ukurasa.

Mnunuzi wa shamba mwambie asubiri au atafute kwingine. Hati iko kwangu, na mimi kama msimamizi wa mirathi ya kaka yangu sitii sahihi.

Shangazi yako