Sahani Isirudi Tupu

Hapa Unguja sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa futari, sahani utairudisha na kitu ndani yake. Kama siku hiyo hukupika, weka hata machungwa mawili. Hakuna aliyetufundisha darasani. Tuliwaona mama zetu wakifanya, nasi tukafanya.

Nyumba yetu ni moja ya nyumba chache za Kikristo katika mtaa wetu wa Mji Mkongwe. Mlango unaotazamana na wetu ni wa bibi wa Kiislamu ambaye sote tunampa shikamoo. Kwa miaka mingi sahani zimevuka ule uchochoro. Mwezi wa Ramadhani zilitoka kwake, zimefunikwa kawa: muhogo wa nazi, kaimati, sambusa. Krismasi zilitoka kwetu, pilau ya kuku, na kuku mwenyewe tulimpeleka akachinjwe na mwanawe, ili bibi naye aweze kula.

Habari tunayoiandika hapa ni ya sahani moja tuliyoirudisha tupu.

Wengi mnaikumbuka miezi ile. Novemba 2012, Sheikh Fadhil Soraga, Katibu wa Mufti, alimwagiwa tindikali. Siku ya Krismasi, Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi, Mungu akamnusuru. Kisha Jumapili ya tarehe 17 Februari 2013, Padri Evarist Mushi aliuawa kwa risasi asubuhi, alipokuwa akienda kuongoza Misa. Sisi ni Waanglikana, yeye alikuwa padri wa Katoliki, lakini siku ile hakuna aliyeuliza tofauti hiyo. Tulitoka kanisani kwa haraka, tukafunga mlango, tukatia komeo mchana kweupe.

Jioni tukasikia hodi. Alikuwa bibi, na sahani mkononi.

"Poleni, wanangu," alisema. "Msiba huu ni wetu sote."

Tulimjibu kuwa tumeshapoa. Tuliifungua nusu tu ya mlango, tukapokea sahani, tukashukuru, tukafunga. Zilikuwa ndizi mbivu zilizopikwa kwa nazi, bado zina moto. Tuliziweka mezani na hakuna aliyekaa kula. Mmoja wetu akasema, "Nani ajuaye kilichomo?" Wengine tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa ndiyo. Tukazimwaga. Asubuhi tulimtuma mtoto airudishe sahani, imeoshwa vizuri, haina kitu.

Bibi aliipokea. Tangu hapo tulisalimiana tu.

Jumapili zilizofuata tuliendelea kwenda kusali Mkunazini. Historia ya kanisa letu tulifundishwa tangu mafundisho ya kipaimara, na tukiulizwa na wageni tunaieleza bila kusita: kwamba hapo palikuwa soko la watumwa, kwamba soko lilifungwa Juni 1873 baada ya Sultan Barghash kutia sahihi mkataba, kwamba jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka uleule, na kwamba ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Askofu Edward Steere, aliyelijenga, amezikwa nyuma ya altare. Tulikuwa tukiyasema haya kama mtu anavyotaja ukoo wake, kwa fahari.

Lakini mwaka ule, tukiwa tumekaa kwenye mabenchi na moyo mzito, mambo mengine ya historia ileile yalianza kutusuta. Sehemu ya kiwanja kile ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara tajiri wa Kihindu. Saa iliyo kwenye mnara ni zawadi ya Sultan Barghash, Mwislamu. Husimuliwa kwamba sharti lake lilikuwa mnara wetu usizidi urefu wa jumba lake la Beit al-Ajaib. Na Kiswahili tunachosalia? Askofu Steere mwenyewe aliandika kwamba mwanazuoni wa Kiislamu wa mji huu, Sheikh Abdul Aziz, alijitolea kumfasiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho safi. Hata maneno yetu ya ndani kabisa, imani, sala, dhambi, toba, malaika, yalikuwa yakitamkwa pwani hii kabla babu zetu hawajabatizwa.

Basi ardhi tuliyokanyaga ilitoka kwa Mhindu, saa iliyotuita ilitoka kwa Mwislamu, na maneno tuliyomwambia Mungu tuliyapokea kutoka kwa majirani. Nasi tulikuwa tumemwaga ndizi za bibi.

Hatutaki kupamba mambo. Soko lile nalo liliendeshwa na watu wenye dini zao. Walikuwapo waliouza, walionunua na waliokopesha fedha za biashara ile, na Wakristo kutoka Ulaya hawakukosekana. Watumwa wengi wa pwani hii walipelekwa kwenye mashamba yao katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Hakuna dini inayoweza kusimama Mkunazini ikasema mikono yake ni safi. Labda ndiyo maana mahali pale panafaa kwa toba.

Wala hatusemi kwamba dini zote ni moja. Bibi hasemi hivyo, nasi hatusemi. Sisi tunamkiri Yesu kuwa Mwana wa Mungu. Yeye hakubali, na sote tunalijua hilo. Kinachotuunganisha si kukubaliana. Ni kwamba kila mmoja ameshakula kutoka mkono wa mwenzake, na hawezi kusimulia maisha yake bila kumtaja. Nabii Eliya wakati wa njaa hakulishwa na mtu wa taifa lake. Mungu alimpeleka Sarepta kwa mjane mgeni, mwenye kiganja kimoja cha unga. Bwana wetu alipoikumbusha habari hiyo kule Nazareti, watu wa kwao walikasirika wakataka kumtupa jabalini. Tulipoisoma mwaka ule tulijiona tuko pamoja na wale waliokasirika.

Ramadhani ilianza Julai. Siku ya kwanza, muda mfupi baada ya adhana ya Magharibi, mlango ulibishwa. Alikuwa mjukuu wa bibi, na sahani ileile.

"Bibi anawasalimia. Anasema mle ikiwa bado moto."

Muhogo wa nazi. Tulikaa, tukaomba, tukala wote, tukamaliza. Kisha tukaosha sahani, tukaijaza machungwa, na safari hii hatukumtuma mtoto. Tulivuka uchochoro wenyewe.

"Bibi," tulisema, "tusamehe. Ile sahani ya siku ya msiba tuliirudisha tupu. Na chakula hatukula."

Aliyapokea machungwa kwanza, akayaweka chini.

"Nilijua," alisema. "Nilijua mnaniogopa. Na mimi nilikuwa naogopa, wanangu. Mlisahau kuwa kabla ya mapadri wenu alimwagiwa tindikali sheikh wetu?"

Tulikuwa tumesahau. Tulikuwa tumehesabu majeraha ya upande wetu tu, kumbe hofu ilikuwa imeingia milango yote miwili. Tofauti ni kwamba yeye, pamoja na hofu yake, alipika ndizi akavuka.

Tumeandika haya kwa ajili ya wenzetu wa usharika, hasa vijana wanaoambiwa kwamba imani thabiti ni ile inayofunga mlango. Sisi tulifunga, na hatukuona imani yetu ikikua kwa hilo. Ilikua jioni ile tulipoomba msamaha mlangoni kwa Mwislamu, naye akatusamehe kabla hatujamaliza kusema.

Sahani zinaendelea kuvuka. Kama kwako ipo sahani ya jirani iliyokaa kabatini muda mrefu, itoe leo. Weka kitu ndani yake, na uipeleke mwenyewe.