Chumvi ya Selenaiti

Neno bodaboda halikuundwa na kamati yoyote. Lilizaliwa Busia, na wapo wanaodai Malaba, enzi ambapo waendesha baiskeli walivusha abiria na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka wa Kenya na Uganda, wakiinadi safari hiyo kwa neno la Kiingereza lililokwisha kulainishwa na ndimi za wenyeji. Leo neno hilo limeenea Afrika Mashariki nzima, na wengi walitumiao hawajui hata asili yake.

Bahati hiyo haijayafikia maneno ya maabara. Yupo mwanamke mmoja, mzaliwa wa viunga vya Busia, ambaye kazi yake jijini Nairobi ni kukuza seli za ng'ombe ndani ya chupa. Alipokwenda nyumbani likizoni, alimkuta mama yake amefiwa na mtamba wa maziwa, tegemeo la karo ya wadogo zake. Ndigana kali, ugonjwa uenezwao na kupe, ilikuwa imemmaliza kwa siku chache. Walipokuwa wakichambua mboga, mama aliuliza, "Mwanangu, hizo seli zenu huwa mnazilisha nini?"

Swali jepesi mno. Hata hivyo, binti aliyekuwa amelijibu mara nyingi mbele ya maprofesa alibaki kinywa wazi. Kila neno lililomjia lilikuwa la Kiingereza.

Alianza na aliloweza. Seli ikiwa mwilini, alisema, huletewa kila kitu na damu. Ikitiwa chupani haina wa kuitunza, hivyo hupewa maji yenye sukari, vitamini na chumvichumvi, kisha huongezwa seramu ya ndama ambaye hajazaliwa, mara nyingi sehemu 10 katika 100. Seramu hiyo ni ghali, na shehena moja hailingani na nyingine. Ndiyo maana watafiti walitafuta namna ya kuipunguza, wakagundua kwamba ilikuwa ikibeba vitu ambavyo hawakuvitambua. Mwaka 1976 W. L. McKeehan na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba seli za mapafu ya binadamu hazikui ipasavyo bila seleniamu. Tangu hapo, chakula kisicho na seramu hutiwa insulini, transferini na selenaiti ya sodiamu.

"Selenaiti ndiyo nini?" mama akauliza.

"Ni chumvi, mama."

Hilo halikuwa jibu la kumridhisha mtoto, maana katika kemia selenaiti ya sodiamu ni chumvi hasa. Mama naye aliijua chumvi ya aina hiyo kuliko alivyodhaniwa, kwa kuwa baadhi ya mawe ya chumvi wanayolamba ng'ombe huwa na seleniamu. Binti akaendelea kwa wepesi. Seli inapotumia oksijeni huzalisha haidrojeni peroksaidi, kitu kinachounguza utando wake. Ndani ya seli mna kimeng'enya kinachoivunja sumu hiyo iwe maji, na kimeng'enya hicho hakiundiki bila seleniamu.

Kiasi chenyewe kinastaajabisha. Nanogramu 5 hivi za selenaiti hutosha mililita moja ya chakula cha seli. Kwa hesabu hiyo, gramu moja ingekolea lita 200,000. Mama, aliyezoea kuona foleni ya malori ya mafuta pale Malaba, aliambiwa afikirie malori sita, kila moja na lita zipatazo 35,000, yote yakiungwa kwa chumvi inayokaa kwenye ncha ya kijiko. Ikizidishwa mara mamia, chumvi hiyo hiyo huziua seli.

Jina je? Berzelius, Mswidi aliyeitambua elementi hiyo mwaka 1817, aliipa jina litokanalo na neno la Kiyunani la mwezi. Mtu angeshawishika kuiita "chumvi ya mwezi", na kila mama wa Busia angedhani ni ile ya kutumia siku thelathini! Afadhali selenaiti, neno geni lakini lisilopotosha. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilichapishwa mwaka 1990, nayo ni hazina kubwa. Ila wanaisimu wetu wamezoea kuhesabu istilahi zilizoundwa na kusahau kuuliza nani amewahi kuzitamka jikoni.

Mama alikuwa bado na swali. "Chumvi hiyo ingemwokoa mtamba wangu?"

Binti alisema hapana. Kimelea cha ndigana huingia katika seli nyeupe za damu na kuzifanya zizaliane ovyo mfano wa saratani. Ni tabia hiyo iliyowawezesha wanasayansi wa Muguga, karibu na Nairobi, kuzikuza maabarani na kutangaza matokeo yao mwaka 1970. Selenaiti huzihifadhi seli za chupani ili zichunguzwe, haimtibu ng'ombe. Mtamba alihitaji kuogeshwa dawa ya kupe, na alihitaji chanjo, ambayo ipo: ng'ombe hudungwa vimelea hai, na papo hapo hudungwa oksitetrasaiklini ya kuvidhibiti.

"Ipo?" Mama aliacha kuchambua mboga. "Ipo, na sisi hatujaambiwa?"

Kisha akaingia ndani, akatoka na kalamu na karatasi ya risiti ya sokoni. "Niandikie hayo ya sindano mbili. Yaandike kama ulivyoyasema sasa hivi, nimpelekee daktari wa mifugo."