Jengo Ambalo Guka Hakutaka Kuliangalia

Wasee, leo sina mzaha.

Nikiwa mdogo, Guka akija kutoka ushago tulikuwa tunapanda naye matatu ya Kawangware kuelekea tao. Tukifika Kenyatta Avenue, anageuza uso, anaangalia upande ule mwingine wa barabara. Kila safari. Mimi nilidhani ni jua linamchoma macho.

Guka alifariki 2012. Juzi tu ndio mamangu ameniambia ukweli: hakuwa anakwepa jua, alikuwa anakwepa Kipande House.

Unaijua. Lile jengo la mawe lenye mnara, ambalo siku hizi ni benki. Lilijengwa 1913, na kwa miaka mingi hakuna jengo Nairobi lililolipita kwa urefu. Hapo ndipo wanaume Waafrika, kuanzia miaka 16, walikuwa wanaandikishwa. Unachukuliwa alama za vidole, unapewa karatasi ndani ya kikebe cha chuma, unakivaa shingoni kama mbuzi na kengele. Karatasi inasema mwajiri wako ni nani na analipa ngapi. Ukitoroka kazi, inakusaliti. Ukipatikana bila hiyo, unakamatwa. Guka alivaa yake 1944, akiwa na miaka 16. Mimi nikiwa na 16 nilikuwa nalilia simu.

Shuleni tulikariri kwamba reli ilifika hapa 1899, Wamaasai wakipaita mahali pa maji baridi, halafu mji ukakua. Ukakua vipi? Kwa mikono ya nani? Hapo kitabu kilinyamaza.

Sasa angalia matatu. Mabasi ya kampuni yalianza 1934, lakini watu wa mitaa ya mbali walijitafutia magari yao wenyewe. Nauli ilikuwa senti 30, mapeni matatu ya senti kumi, na jina likatoka hapo. Polisi waliwasumbua hadi 1973, Mzee Kenyatta alipowaruhusu kubeba abiria bila leseni maalum. Mwaka huohuo KICC ikakamilika. Tunapiga picha KICC, matatu tunaitukana, na zote mbili ni historia yetu.

Kuna wenye wataniambia haya majumba ya mkoloni yabomolewe tu. Mimi nakataa. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga maegesho ya magari pale Jeevanjee. Zarina Patel, mjukuu wa Jeevanjee mwenyewe, akaongoza watu kupinga, na leo bado unakaa pale na mahindi yako. Aliitetea kwa sababu alijua hadithi yake.

Jengo libaki, ila watoto waambiwe lilifanya nini.

Jumamosi nilishuka hapo nikasimama mbele ya mlango dakika kumi hivi. Soja akaniuliza, "Unangoja mtu?" Nikamwambia ndiyo.

Kama babu yako bado yuko, mpigie leo. Muulize ni jengo gani la tao hapendi kuliangalia.